Isale Mbele ya Kamera

Wiki iliyopita nilikuacha, msomaji wangu, umekaa nami ndani ya gari kwenye mteremko wa Uru. Mguu wangu ulikuwa umekanyaga breki, na breki ilikuwa imezama mpaka chini kama mtu aliyekanyaga uji.

Kwa aliyekosa gazeti lile, nimweke sawa haraka. Mimi ni Yuditha wa Marangu, niliyejifunza usukani kwenye pikapu ya baba ya kubebea kahawa. Niliolewa hapa Moshi, Soweto, na Basili, fundi mwenye gereji yake, ambaye naye alikuwa dereva wa mbio za magari ila hajawahi kushinda hata kuku. Nikamshinda mbele ya mji mzima. Magazeti ya watu binafsi ndiyo kwanza yalikuwa yamefumuka kama uyoga, yanatafuta cha kuuza, yakanibatiza Binti Radi. Kuanzia siku hiyo mkono wa mume wangu ukawa mwepesi.

Na siku moja kabla ya mbio za Uru, mafundi wote wakisikia, Basili alininyooshea kidole akasema, "Gari hilo kesho hutarudi nalo."

Haya, kaa vizuri.

Pembeni yangu alikuwa Stella, mdogo wake Basili, wifi yangu na msoma ramani wangu. Ndiye aliyekuwa akinisomea njia: kona kali kushoto, daraja, kokoto, kaza mwendo. Asubuhi ile yote sauti yake ilikuwa imekauka. Tulipofika juu kabisa, kabla ya kuanza kuteremka, akafunga daftari la njia.

"Wifi, simamisha. Tumbo linanikata."

"Vumilia. Tumebakiza mteremko tu."

"Yuditha, nakuomba simama."

Hakuwa na kawaida ya kuniita jina. Lakini nyuma yetu kulikuwa na vumbi la mtu anayetukaribia, na mimi nikiona vumbi la mtu nyuma yangu, sisikii la tumbo wala la jino.

Kona ya kwanza breki ilishika. Ya pili ikashika kwa kujivuta. Ya tatu haikushika kitu.

"Breki hakuna," nikasema.

Stella hakuuliza kwa nini. Alijikunyata tu, mikono kichwani. Hilo nilikuja kulikumbuka baadaye.

Nikavuta breki ya mkono. Makalio ya gari yakataka kuja mbele. Tukaacha barabara tukaingia kihambani kwa watu, migomba inavunjika mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya mifupa mibichi. Zizi la mbao likapasuka. Nilimwona ng'ombe ananitazama usoni, anatafuna, halafu akaja ndani kupitia kioo.

Gari likabiringika. Lilipotulia, lilikuwa limelalia ubavu wa Stella, limebanwa na mti wa mringaringa. Nilikuwa naning'inia kwenye mkanda juu yake. Damu iliyokuwa inanidondoka kidevuni sikujua ni yangu au ya ng'ombe.

"Wifi," nikaita.

"Mguu wangu uko wapi?" akauliza Stella, taratibu, kama mtu anayeulizia kiatu.

Watu wakaja na mapanga. Mama mmoja mjane, Mektrida, ndiye mwenye zizi, alifika wa kwanza akiwa na jembe.

"Wameniulia ng'ombe. Alikuwa na mimba, wameniulia."

"Hao wamelewa," kijana mmoja akasema. "Toeni huyo dereva."

"Ni Binti Radi huyo, namjua kwenye kalenda."

"Radi mpeleke mbinguni. Mtoe."

Jiwe likamalizia kioo kilichobaki. Wakanikata mkanda kwa panga, wakanivuta kwa nywele kupitia dirishani, na nilipogusa ardhi mateke yalikuwa yananisubiri. Mtu mwenye raba alinipiga mbavuni, mwenye buti akanipiga mgongoni. Nakumbuka buti lilikuwa na tope la mtaro. Nilijikunja, nikangoja wachoke.

Aliyewasimamisha ni Mektrida. Alikuwa ameinama kuangalia ng'ombe wake, akaona mkono.

"Acheni," akasema. "Humu ndani kuna mtoto wa watu anakufa, na nyie mko hapo mnapiga ngoma."

Walimtoa Stella kwa shoka. Wale wale walionipiga ndio walioifumua milango, na yule mwenye buti ndiye aliyevua shati akamfunga paja lisivuje. Hospitali wakaukata mguu wa kushoto chini ya goti.

Sasa, kuna mwandishi anaitwa Primus. Huyu ndiye aliyenipa jina la Binti Radi. Kwenye harusi yoyote Moshi ungemkuta, sahani mkononi, kamera shingoni. Nilimpikia mtori mara nyingi mno. Wiki ile akaandika kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara: BINTI RADI AMKATA WIFI YAKE MGUU.

Ndani alikuwa na maneno ya Basili. Basili alilia mbele ya kamera, akasema tangu asubuhi nilikuwa nanuka mbege, pombe ya ndizi.

Mtu aliyezoea nyumba iliyojaa ndiye anayejua uzito wa nyumba tupu. Kwangu Soweto sufuria ilikuwa haitoki motoni. Waliokuja kuomba chumvi walikaa mpaka chakula cha jioni, na umbeya wa mji mzima ulipita kwangu kupigwa pasi kabla haujaenda kanisani. Baada ya gazeti lile, hata mbwa wa jirani alibadili njia.

Kampuni ya betri iliyokuwa inanidhamini ikaja kunifuta ukutani. Nilikuwa nimechorwa kwenye ukuta wa duka kubwa, kofia ya mbio kwapani, midomo myekundu. Mchoraji alianza na macho.

Nilikwenda sokoni kununua ndizi. Mama muuza miwa akanitambua chini ya kitenge.

"Huyo hapo. Anakula bado, na mwenzie kakatwa mguu."

Muwa ulinipata juu ya sikio. Nikaanguka kwenye mafungu ya nyanya, na mwenye nyanya naye akanizaba kibao kwa sababu ya nyanya zake. Nilitoka sokoni damu imefika shingoni, na nyuma yangu watoto wananiigizia mlio wa gari linaloanguka.

Aliyebaki ni Tabitha peke yake, mwenye saluni. Huyo hata kaburini atakuja na habari. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja akanisafisha lile jeraha. Ukutani kwake ilikuwa bado kalenda ya ile kampuni ya betri: mimi nimesimama peke yangu mbele ya gari, nacheka, na begani kwangu kuna vidole vya mtu ambaye hayupo pichani.

"Nikuambie kitu?" akasema. "Gari lako liko gereji kwa Basili. Kalifunika turubai. Fundi yeyote akisogea anatukanwa mpaka bibi yake."

"Analihifadhi la nini, limeshakuwa bati?"

"Na wewe dereva gani unasimuliwa gari lako na msusi? Nenda kalale chini yake."

Nilikwenda mchana, Basili akiwa hospitali kwa mdogo wake. Mafundi walikuwa wanakula. Nikaingia chini ya turubai, nikalala chali kwenye oili, nikafuata bomba la breki kwa kidole kutoka nyuma kuja mbele, kama nilivyokuwa nafuata chini ya pikapu ya baba.

Karibu na gurudumu kidole kikaingia kwenye pengo.

Bomba lilikuwa limekatika. Nusu moja ya mkato ilikuwa imechanika vibaya, inakwaruza. Nusu nyingine ilikuwa laini, inang'aa, mstari umenyooka. Chuma hakijipasui kwa mstari. Ule ulikuwa msumeno.

Nikamkumbuka Basili na kidole chake. Kesho hutarudi nalo.

Nilikata kile kipande, nikakaa juu ya tairi, nikamsubiri mume wangu.

Aliingia na chupa ya chai ya mgonjwa mkononi. Mafundi walikuwa wamerudi. Nikamwonyesha.

"Nani kalipiga hili msumeno?"

Basili alilichukua kwa macho tu. Aliangalia mkato ule muda mrefu, na uso wake ukapauka. Nikasema moyoni, huyo, nimemshika.

"Nipe hilo bomba," akasema.

"Ulinikosa mimi ukampata mdogo wako."

"Yuditha, nipe. Usilipeleke popote."

"Nalipeleka polisi. Halafu nalipeleka kwa Primus."

Akanizaba kofi. Hilo nililizoea. Nilipoficha mkono nyuma, alinishika koo kwa mkono mmoja akanibana kwenye boneti, na kwa mkono wa pili akawa ananifumbua vidole. Mafundi wakamsihi bosi wao kwa jina la heshima, "Mangi, basi, Mangi," lakini hakuna aliyesogea. Nikaanza kuona nyota. Mkono wangu wa kushoto ukapapasa, ukakutana na spana ya tairi, ile yake ya siku zote, mkono wake umezungushiwa utepe mwekundu.

Pigo la kwanza lilimpata tayani. Niliisikia sauti kabla ya kuona. Aliniachia, akakaa chini, akatema meno kwenye oili.

Pigo lile sijutii, nilikuwa nakata roho. Lakini niliinua tena. Na tena. Yale mengine mawili alikuwa ameshakaa chini, mikono imefunika uso, na anachosema hakieleweki. Sina cha kuyasingizia hayo.

Walimfunga taya lake kwa nyaya. Polisi walimchukua akitokea kitandani. Hakuweza kusema, na walipompa kalamu aandike maelezo, aliirudisha mezani. Alipoulizwa kama ni yeye, hakutikisa kichwa wala hakuinamisha. Watu wakasema, si unaona, kiburi. Akapata dhamana, kesi ikapangwa, na shahidi mkubwa ni mimi.

Primus akachapa: BINTI RADI AVUNJA TAYA LA MUME MUUAJI.

Wee, mji ukageuka kama chapati. Yule yule mama wa miwa alinisimamisha sokoni akanijazia kikapu parachichi. "Mwanamke ni wewe," akasema. "Wangu mimi namvumilia tu." Wanawake walinipigia makofi mpaka stendi. Nyumba ikajaa. Waliobadili njia wakairudia, na kila aliyeingia alitaka nisimulie pigo, na nilisimulia, nikaigiza, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwa nasimulia moja tu.

Kampuni ya betri ikarudi na rangi. Safari hii walitaka nishike spana ya tairi. Wakaniletea mpya, imeng'arishwa. Chini wakaandika: NGUVU YA RADI.

Nikashika. Nikacheka. Kamera ikalia.

Stella nilikuwa namtembelea hospitali kila nilipopata nafasi. Nilimwambia ya bomba, ya msumeno, ya kaka yake. Aligeukia ukutani. Nikadhani ni uchungu wa ndugu.

Kisha zikaja mbio za Marangu, kwetu. Gari jipya, msoma ramani mpya, msichana mmoja Evelyn asiye na maneno mengi. Sitakuchosha na kona zake. Dereva mmoja kutoka Arusha alijaribu kunisukumia korongoni darajani, nikamrudishia kwa bampa, yeye ndiye aliyekwenda kuangalia maji. Nilishinda. Kwa mara ya kwanza baba yangu, Mzee Aminieli, alinyanyua kofia yake hadharani.

Mwisho wa mbio watu walikuwa wamefurika kama Krismasi. Wanapunga majani ya migomba, wanapunga masale, wanapunga kanga. Wengine wanayachomeka garini. Nimekaa juu ya boneti, napokea kila kinachokuja, jani hili, ua lile, mtoto wa kubusu, chupa ya soda.

Katikati ya umati nikamwona Stella kwenye magongo.

Watu walimpisha. Nikasema moyoni, leo Mungu kaniona. Alinyoosha mkono kwa shida, gongo moja limeegemea kwapani, na mkononi mwake ana jani la isale. Primus akapaza sauti, "Hapo hapo, wifi na wifi, hapo hapo."

Nilitelemka nikalipokea kwa mikono miwili, nikamkumbatia. Kamera ikalia. Watu wakapiga vigelegele.

Ndipo dole gumba langu likagusa fundo.

Kwa msomaji wa mbali niseme. Kwetu mlimani masale ni majani ya mpakani na ya makaburini, na siku ya furaha unayakata ukayapunga, hakuna neno. Lakini isale lililofungwa fundo katikati si la kupunga. Ukiletewa hilo, umeletewa mtu anayeomba radhi, awe amekuibia au amekuulia. Na halikataliwi. Ukishalipokea, umesamehe. Mtoto wa darasa la kwanza Marangu anajua. Mimi nililipokea nikiangalia kamera.

Nikamvuta Stella nyuma ya gari.

"Basili ndiye kakutuma? Kakufanya wewe ndio mjumbe, na mguu huo?"

"Basili hajanituma. Taya lake ulilifunga mwenyewe."

"Sasa hili la nani?"

"Langu."

Nilicheka. Nadhani nilicheka.

"Ile kalenda," akasema Stella. "Tulipiga picha wawili. Nilishona nguo kwa ajili ya siku ile. Ilipotoka nikakuta umebaki peke yako. Vile vidole begani kwako ni vyangu, wifi. Hata hukuuliza vya nani."

"Stella."

"Kila gazeti Binti Radi. Nani alikuwa anakuambia kona iko wapi? Ulikuwa unaendesha umefumba macho, mimi ndiye macho. Primus alikuwa ananiambia, dada, sogea kidogo nipate picha."

"Kwa hiyo ukakata bomba."

"Nililikwaruza kidogo tu. Nilitaka gari likushinde pale uwanjani, mwanzo, kwenye tambarare, mbele ya watu. Uchekwe siku moja. Bomba halikukatika. Tukatoka uwanjani halijakatika, tukapanda halijakatika, nikasema labda sikukata chochote."

"Na ukabaki umekaa pembeni yangu."

"Ningeshuka ungejua. Kule juu nilikuomba usimame."

Nilisikia tena ile sauti yake kavu. Yuditha, nakuomba simama.

"Na Basili?"

"Jioni ile alinikuta nautundika msumeno. Hakuuliza. Baada ya ajali akashuku, akalifunika gari turubai. Ulipomwonyesha lile bomba ndipo akawa na hakika." Akafuta pua kwa kiganja. "Anakwenda jela kwa ajili yangu, wifi, na hajafungua mdomo kwa polisi. Hata walipomtoa zile nyaya, hajafungua."

Nilimshika koo. Sikukusudia, mikono ilikwenda yenyewe, kama ile ya kaka yake. Nilimbana kwenye ubavu wa gari, magongo yakaanguka, ule mguu mmoja ukawa unatafuta ardhi. Macho yake yalinitazama bila kuomba kitu. Lile isale lilikuwa katikati ya kiganja changu na shingo yake.

"Ehe, mmejificha huku," akasema Primus, akitokea nyuma ya gari. "Hebu moja ya mwisho, dada zangu. Tabasamu."

Nikamwachia. Nikamwokotea magongo. Tukatabasamu.

Ilitoka ukurasa wa mbele: WIFI AMPOKEA SHUJAA. Isale limeonekana vizuri kabisa, na fundo lake. Wa mijini waliona jani. Mlimani kote waliona kilichotokea, ila hawakujua ni kosa gani limesamehewa, wakajijibu wenyewe: Stella kaomba radhi kwa niaba ya kaka yake, na Binti Radi kapokea.

Nilikwenda kwa baba na gazeti kwapani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimeliona."

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa anakata majani ya ng'ombe, panga halikusimama hata mara moja.

"Nikilitupa je, baba? Sikujua lina fundo."

"Ulilishika?"

"Nililishika."

"Watu wakiona?"

"Gazeti likiona."

"Basi la yule mtoto limekwisha. Huwezi kumpeleka polisi, huwezi hata kumsengenya sokoni, na hilo la pili ndilo litakalokushinda."

"Na mahakamani Jumatatu? Nikinyamaza, Basili anafungwa bure. Nikisema si yeye, wataniuliza ni nani."

Panga likasimama.

"Hujaniuliza la muhimu," baba akasema. "Umemvunja mtu taya kwa kosa ambalo si lake, na mji mzima unakula kwako ukisimulia. Mimi ni mzee wa kanisa, Yuditha, miaka yote nabeba sahani ya sadaka. Lakini isale ni isale. Na wewe unadaiwa lako."

Akaenda mpakani, kwenye masale aliyoyapanda babu, akakata jani moja refu. Alilifunga fundo mwenyewe, akanipa.

"Mwombe radhi kwanza. Akishapokea, ya mahakamani mtapanga wawili. Hatakataa. Sijamwona mtu aliyekataa."

Jumapili baada ya ibada nilikwenda gereji. Nilipita mbele ya ukuta wa duka kubwa, nikajiona nimeshika spana, ndefu kuliko mlango, meno meupe. Nikavuta kitenge usoni.

Basili alikuwa peke yake. Mafundi wa Soweto Jumapili hawaonekani. Sikuwa nimemwona karibu tangu siku ile. Taya lake lilikuwa limeunga upande, uso wa mtu mwingine. Alipoliona lile jani mkononi mwangu, alipita pembeni yangu bila kunigusa, akafunga geti, akasukuma komeo.

"Watu wasituone," akasema. Maneno yalikuwa yanapita kwenye meno yaliyobaki, kama maji kwenye chujio.

Nikapiga magoti kwenye oili, pale pale.

"Stella kaniambia."

Macho yake yakafumba kidogo. "Nilimkataza."

"Kaniletea isale. Nimepokea. Simpeleki popote. Hili ni langu mimi kwako, Basili. Nilikupiga kwa kosa ambalo si lako. Naomba radhi."

Nikanyoosha mikono miwili.

Akalipokea. Nilipumua mpaka mabega yakashuka. Nikasema moyoni, baba hakosei, halikataliwi.

Basili alilifungua fundo taratibu, kwa kucha. Kisha akalichana lile jani kwa urefu wake, mara moja, mara ya pili, zikawa kamba tatu. Moja akaitia mfuko wa shati. Mbili akazidondosha chini, mbele ya magoti yangu.

"Isale halichanwi," nikasema. "Basili, isale halikataliwi."

"Sijakataa. Hilo la mfukoni ni la pigo la kwanza. Nilikuwa nimekukaba koo, haki yako. Nimesamehe, Mungu shahidi." Alivuta mate, kumeza kulikuwa bado kunamtesa. "Hizo mbili ni za yale mengine. Nilikuwa nimekaa chini, Yuditha. Nilikuwa nakuambia ni Stella, ni mtoto, muache. Hukusikia?"

Kwenye zile simulizi zangu zote, nyumba imejaa, watu wanashika mbavu, sauti ile nilikuwa naigiza kama ya mlevi.

"Okota," akasema.

Niliinama kuziokota. Kamba ya kwanza niliishika. Nilipofikia ya pili nikaona kiatu chake kimesogea, na kando ya kiatu, ikigusa ardhi taratibu, ncha ya spana ya tairi. Nikafuata chuma kwa macho kwenda juu, mpaka kwenye utepe mwekundu na kiganja chake kilichoukamata.